Kompyuta Ndogo ya Maabara Iwake Kutoka Wapi? Uteuzi wa Kifaa cha Kuanzishia na Usalama wa Majibu ya Mgonjwa

Utangulizi

Umeme unapokatika katika zahanati, hadubini ya kawaida yenye kioo haipotezi kitu. Mtaalamu wa maabara huisogeza karibu na dirisha, hukielekeza kioo kwenye mwanga wa jua, na kuendelea kuhesabu vimelea pale alipoachia. Hadubini inayoongozwa na kompyuta haiko hivyo. Umeme ukikatika nayo huzimika papo hapo, na umeme ukirudi swali la kwanza ni kama kompyuta itawaka. Ikishindwa kuwaka, picha za slaidi zilizokwisha kupigwa hazionekani, majibu hayatoki, na mama aliyemleta mtoto mwenye homa huambiwa asubiri au arudi kesho. Kwa mtoto mwenye malaria, kesho ni mbali.

Somo hili linahusu sehemu moja ya tatizo hilo ambayo mara nyingi husahaulika: kifaa ambamo kompyuta ndogo huchukua mfumo wake kila inapowashwa. Kifaa hicho hapa kinaitwa kifaa cha kuanzishia. Baada ya kulisoma, mhudumu wa afya ataweza:

1. kueleza kwa lugha nyepesi jinsi kompyuta ndogo inavyoanza kazi;
2. kulinganisha kadi ya kumbukumbu, diski ya nje na mtandao kama vyanzo vya kuanzishia;
3. kupanga kompyuta ya maabara kwa namna ambayo kukatika kwa umeme hakutapoteza majibu ya wagonjwa.

Kompyuta ya ubao mmoja na kazi zake katika afya

Kompyuta ya ubao mmoja ni kompyuta kamili ambayo prosesa, kumbukumbu ya muda na milango yake vimewekwa juu ya ubao mmoja unaoenea kiganjani. Iliyo maarufu zaidi ni Raspberry Pi, iliyobuniwa Cambridge, Uingereza, na kuanza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012. Modeli B ya mwanzo iliuzwa kwa dola 35 za Marekani. Nia ya wabunifu ilikuwa kuwafundisha vijana kuandika programu, lakini bei ndogo na matumizi madogo ya umeme vimeifikisha katika viwanda, maabara na vituo vya afya.

Mfano unaoihusu Tanzania moja kwa moja ni hadubini ya OpenFlexure. Mwili wake huchapwa kwa plastiki katika printa ya vitu, mota ndogo huisogeza slaidi, na kamera inayoongozwa na Raspberry Pi hupiga picha. Michoro yake iko wazi kwa yeyote anayetaka kuitengeneza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath wameiendeleza kwa kushirikiana na Taasisi ya Afya Ifakara na mafundi wa Dar es Salaam, na uchunguzi wa vimelea vya malaria umekuwa miongoni mwa malengo yake. Hadubini ya namna hii inaweza kutengenezwa na kukarabatiwa hapa nchini. Hata hivyo, ubora wa lenzi na umakini wa mtaalamu havitasaidia ikiwa kompyuta iliyo ndani yake haiwaki.

Jinsi kompyuta inavyoamka

Mhudumu anayeingia zamu ya usiku hakumbuki hali ya kila mgonjwa aliyelazwa. Anachojua ni mahali linapowekwa daftari la makabidhiano. Hulifungua, husoma, kisha huanza kazi. Kompyuta nayo iko hivyo. Inapozimwa, kumbukumbu yake ya muda hufutika yote. Inapowashwa, hujua jambo moja tu: mahali pa kutafuta maelekezo.

Katika Raspberry Pi, hatua hufuatana hivi. Kwanza, programu fupi iliyochongwa ndani ya chipu yenyewe huanza kufanya kazi. Pili, programu hiyo huita programu ya kuanzishia. Katika modeli za zamani programu ya kuanzishia ilikuwa ndani ya kadi. Kuanzia Raspberry Pi 4 ya mwaka 2019, imewekwa katika chipu ndogo ya kumbukumbu juu ya ubao. Tatu, programu ya kuanzishia hutafuta kifaa chenye mafaili ya mfumo. Nne, hupakia kiini cha mfumo endeshi, kwa kawaida Linux. Mwisho, kiini hicho hufungua sehemu kuu ya diski na kuwasha huduma zote, zikiwemo programu ya hadubini na daftari la majibu.

Mnyororo huu ukikatika popote, skrini hubaki nyeusi au hujaa maandishi yasiyoeleweka. Taa ndogo ya kijani juu ya ubao husaidia kutambua ulipokatikia. Ikimetameta mara nne kwa mfululizo mfupi na kurudia, faili la mwanzo la kuanzishia halikupatikana. Ikimetameta mara saba, kiini cha mfumo endeshi hakikupatikana. Kwa vyovyote vile, ubao wenyewe huwa bado ni mzima, na kosa hutafutwa katika kifaa cha kuanzishia. Dalili hiyo ni muhimu, kwa kuwa kompyuta nyingi hutupwa ilhali kilichokufa ni kadi ya bei ndogo tu.

Kwa nini kadi huharibika

Kadi ya microSD, flashi na diski ya SSD hutunza taarifa katika vyumba vidogo mno vya chaji ya umeme. Chumba kilichoandikwa hakiwezi kuandikwa tena juu yake kama ubao wa darasani. Ni lazima kundi zima la vyumba lifutwe kwanza, kisha liandikwe upya. Kila kufuta huchosha vyumba hivyo kidogo, na baada ya idadi fulani ya mizunguko huacha kushika chaji. Ndiyo maana kifaa chenyewe huhamisha taarifa huku na huko ili uchakavu usiangukie mahali pamoja.

Hapo ndipo hatari ya umeme inapoingia. Kompyuta inayoonekana kutulia huwa bado inaandika kumbukumbu za matukio, saa na mafaili ya muda. Umeme ukikatika wakati kundi la vyumba linahamishwa, kinachopotea huenda kisiwe faili lililokuwa likiandikwa, bali faili la zamani lililokuwa jirani yake, na faili hilo laweza kuwa sehemu ya mfumo endeshi. Hivyo basi, kadi iliyofanya kazi vizuri kwa mwaka mzima inaweza kushindwa kuwaka baada ya umeme kukatika mara moja tu.

Umeme dhaifu una madhara yaleyale. Chaja ya simu inayotumiwa badala ya chaja halisi yaweza kushusha volti pale mota na kamera zinapofanya kazi pamoja. Raspberry Pi 4 huhitaji volti 5.1 na ampia 3. Raspberry Pi 5 huhitaji chaja ya ampia 5 ili itoe uwezo wake wote.

Machaguo yaliyopo

Kadi ya microSD. Hili ndilo chaguo la kawaida tangu mwaka 2014, kadi hiyo ilipochukua nafasi ya kadi kubwa ya SD. Faida zake ni bei ndogo na urahisi wa kubadilisha: kadi ya akiba iliyoandaliwa mapema huirudisha huduma kwa dakika chache. Kasoro zake ni uchakavu, udhaifu umeme unapokatika, na wingi wa kadi bandia sokoni. Kadi yenye alama ya A1 imethibitishwa kuandika kwa nasibu angalau mara 500 kwa sekunda, na ya A2 mara 2,000. Kadi zinazotengenezwa kwa ajili ya kamera za magari na za ulinzi hustahimili kuandikwa mara nyingi zaidi, nazo zinafaa maabara kuliko kadi ya simu.

Flashi au diski ya SSD kupitia USB. Raspberry Pi 3 ya mwaka 2016 ilikuwa ya kwanza kuruhusu jambo hili, baada ya kubadilishiwa mpangilio mmoja wa kudumu ndani ya chipu. Raspberry Pi 4 ilitoka kiwandani bila uwezo huo, ikaupata mwaka 2020 kwa kusasisha programu ya kuanzishia. Kwa hiyo ubao wa zamani wa modeli hiyo unaweza kuhitaji kusasishwa kwanza. SSD ni ya kasi zaidi, na kwa kawaida husambaza uchakavu vizuri kuliko kadi. Flashi ya kawaida haina ubora huo: imetengenezwa kubeba mafaili, si kuendesha mfumo mchana na usiku.

Diski ya USB hula umeme wa kompyuta. Milango yote ya USB ya Raspberry Pi 4 kwa pamoja hutoa ampia 1.2 tu. Raspberry Pi 5 ikiunganishwa na chaja isiyofikia ampia 5, hupunguza umeme wa USB hadi miliampia 600 na inaweza kukataa kuwaka kutoka kwenye diski ya USB. Mtumiaji hudhani diski imekufa, kumbe tatizo ni chaja.

Diski ya NVMe. Raspberry Pi 5, iliyotoka mwaka 2023, ina njia maalumu inayoruhusu diski ya aina hii kwa kuongezewa kibao kidogo. Ni chaguo la kasi kubwa, lakini bei yake huongezeka, na kupata diski nyingine haraka wilayani kunaweza kuwa kugumu.

Kumbukumbu iliyogandishwa juu ya ubao. Modeli zinazoitwa Compute Module hupatikana zikiwa na kumbukumbu ya eMMC ndani yake. Haichomoki, haiibiwi kirahisi, na haitikisiki ndani ya gari la huduma za mkoba. Hata hivyo, ikiharibika ubao wote hubadilishwa.

Mtandao. Kompyuta yaweza kuwaka bila kadi wala diski, ikichukua mfumo wake kutoka seva iliyomo katika jengo. Hospitali yenye kompyuta 20 za aina moja hunufaika, kwa sababu fundi husahihisha mahali pamoja tu. Kwa zahanati yenye kompyuta moja au mbili ni mzigo: seva ikizimika au waya ukikatika, hakuna inayowaka.

Mpangilio wa utafutaji na mtego wake

Kuanzia Raspberry Pi 4, mpangilio wa vifaa vinavyotafutwa huandikwa katika chipu ya kuanzishia kwa jina BOOT_ORDER. Thamani ya kawaida ya Raspberry Pi 4 ni 0xf41, na husomwa kutoka kulia kwenda kushoto: 1 ni kadi ya SD, 4 ni diski ya USB, na f ni amri ya kuanza upya. Maana yake ni kwamba kompyuta itajaribu kadi kwanza, kisha USB, kisha itarudia. Katika Raspberry Pi 5 huongezwa 6, yaani NVMe.

Mpangilio huo una mtego unaostahili kujulikana na kila anayehudumu maabara. Chukuliwa kuwa fundi amehamishia mfumo kwenye SSD na kuiacha kadi ya zamani katika tundu lake. Kwa kuwa kadi hutafutwa kwanza, kompyuta itawaka kutoka kadi hiyo. Skrini itaonekana ya kawaida, lakini daftari litakalofunguka litakuwa la mwezi uliopita. Majibu ya jana hayatakuwamo, na majibu mapya yataandikwa mahali pasipotarajiwa. Mgonjwa aliyepimwa jana anaweza kuambiwa kwamba hakupimwa. Aidha, ikiwa diski ilinakiliwa neno kwa neno kutoka kwenye kadi, vitambulisho vyake hufanana na vya kadi, na mfumo unaweza kuanza na kimoja kisha kuendelea na kingine. Dawa yake ni nyepesi: baada ya kuhamisha, kadi ya zamani itolewe, iandikwe tarehe kwenye bahasha, na ihifadhiwe ndani ya kabati lenye kufuli.

Kutenganisha mfumo na taarifa za mgonjwa

Katika machaguo yote yaliyotajwa, swali la kifaa kipi kina kasi zaidi si la kwanza. La kwanza ni kama kitu kinachohitajika ili kompyuta iwake na kitu kisichoweza kupatikana tena vimewekwa mahali pamoja. Mfumo endeshi unaweza kupakuliwa upya. Picha ya damu ya mgonjwa iliyochukuliwa kabla hajaanza dozi haiwezi kuchukuliwa upya. Viwili hivyo visikae katika kapu moja.

Mpangilio unaofaa zahanati nyingi ni huu: mfumo uwe katika kadi nzuri ya microSD iliyowekwa katika hali ya kusomwa tu, na taarifa za wagonjwa ziwe katika SSD ya USB. Mfumo rasmi wa Raspberry Pi una uwezo wa kuifunika sehemu kuu kwa tabaka la muda. Tabaka hilo likiwashwa, mabadiliko yote huandikwa katika kumbukumbu ya muda, na kadi haiguswi. Umeme ukikatika, hakuna kilichokuwa kikiandikwa kwenye kadi, na kompyuta huwaka kama ilivyokuwa siku ya kwanza.

Lakini kinga hiyo ina sumu yake. Kilichoandikwa katika tabaka la muda hupotea kila kompyuta inapozimwa. Ikiwa daftari la majibu limeachwa ndani ya sehemu iliyofunikwa, kazi ya siku nzima itafutika bila onyo lolote. Isitoshe, katika baadhi ya matoleo tabaka hilo huenea hata kwenye diski nyingine zilizosajiliwa katika mfumo. Kwa hiyo mhudumu asitosheke na ahadi ya fundi. Jaribio ni la dakika tano: liandikwe jibu la mfano lisilo la mgonjwa halisi, kompyuta izimwe, iwashwe, kisha jibu hilo litafutwe. Likikosekana, kompyuta isitumike kwa wagonjwa mpaka mpangilio urekebishwe.

Mfano wa zahanati

Chukuliwa zahanati yenye hadubini inayoendeshwa na Raspberry Pi 4, umeme usiotabirika, na fundi anayefika mara moja kwa miezi mitatu. Hatua zinazopendekezwa ni hizi:

1. Mfumo uwekwe kwenye microSD ya kustahimili kuandikwa, na tabaka la muda liwashwe.
2. Taarifa ziwekwe kwenye SSD ya USB, na jaribio lililoelezwa hapo juu lifanywe.
3. Kadi ya pili iandaliwe kama nakala ya ya kwanza, ijaribiwe kwa kuwashia kompyuta, kisha ifungwe kabatini. Kadi ya akiba ambayo haijawahi kujaribiwa si akiba.
4. Betri ya akiba iwekwe kati ya umeme na kompyuta. Lengo lake ni kutoa dakika chache za kuzima kwa utaratibu, si kufanya kazi usiku kucha.
5. Kompyuta izimwe kwa amri yake, na plagi ichomolewe baada ya taa ya kijani kuacha kumeta.
6. Kila jioni taarifa zinakiliwe kwenye kifaa cha pili kisichobaki kimechomekwa.
7. Tarehe na saa zihakikiwe kila asubuhi. Modeli zilizotangulia Raspberry Pi 5 hazina saa inayoendelea umeme ukikatika. Pasipo intaneti, jibu la leo laweza kupewa tarehe ya juzi.
8. Majibu yaendelee kuandikwa katika rejista ya karatasi. Kompyuta ikishindwa kuwaka, rejista ndiyo itakayomhudumia mgonjwa.

Yanayomhusu mgonjwa

Mgonjwa hahitaji kujua tofauti ya SSD na microSD, lakini ana haki mbili zinazoguswa na jambo hili. Ya kwanza ni kupata jibu lake. Inafaa aombe jibu kwa maandishi na alitunze, kwa sababu karatasi iliyo mkononi mwake haitegemei kompyuta kuwaka. Akiambiwa mashine imeharibika, anaweza kuuliza kama slaidi yake bado ipo na kama inaweza kusomwa kwa hadubini ya kawaida, au kama kipo kipimo cha haraka.

Ya pili ni usiri. Kadi ya microSD ina ukubwa wa ukucha. Anayeichomoa anaweza kuisoma katika kompyuta nyingine, kwa kuwa neno la siri la kuingilia halifungi yaliyomo ndani ya kadi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria ya namna hiyo ya mwaka 2019. Taarifa za afya zinalindwa na sheria hizo. Sehemu yenye taarifa za wagonjwa inapaswa kusimbwa kwa njia fiche. Kusimba diski nzima ya kuanzishia kuna gharama, kwani kompyuta haitawaka mpaka mtu aandike neno la siri, hata umeme ukirudi saa nane usiku. Utaratibu wa kutenganisha husaidia hapa pia: mfumo huwaka wenyewe, na taarifa hufunguliwa na mwenye dhamana anapoingia kazini. Kadi na diski zilizochakaa nazo zisitupwe jalalani nzima. Zivunjwe mbele ya shahidi.

Hitimisho

Kadi, diski na mtandao vyote vinaweza kuiwasha kompyuta ndogo, na kila kimoja kina mahali pake. Zahanati yenye umeme dhaifu huhitaji zaidi kadi inayolindwa isiandikwe, diski tofauti ya taarifa, na akiba iliyojaribiwa. Uamuzi huo ufanywe na fundi pamoja na mtaalamu wa maabara kabla ya slaidi ya kwanza kuwekwa. Ukisubiri mpaka kompyuta ishindwe kuwaka, atakayelipa ni mgonjwa aliye kwenye benchi.

Maswali ya kujipima

1. Taa ya kijani inametameta mara saba na kurudia. Ni nini ambacho hakikupatikana, na je, ubao unapaswa kutupwa?
2. Baada ya SSD kufungwa, daftari linaonyesha majibu ya mwezi uliopita pekee. Ni jambo gani litazamwe kwanza?
3. Kwa nini tabaka la muda linaweza kuilinda kadi na papo hapo kupoteza majibu? Ni jaribio gani linalothibitisha usalama?
4. Katika kituo chako, kompyuta ya maabara ikishindwa kuwaka kesho asubuhi, mgonjwa wa kwanza atapata jibu lake kwa njia gani?